Bafu la kuingia bila kizingiti kwa Mama, Makorora Tanga: naomba ushauri kabla sijavunja

MwanaWaMakorora (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya Mama iko Makorora hapa Tanga, ya chini tu, haina ghorofa. Bafu lake lina kibeseni cha shawa kilichojengewa ukingo, unapandisha mguu kama sm 20 hivi ndiyo uingie. Magoti ya Mama yamechoka. Akitoka kuoga anashika sinki la kunawia, na lile sinki limeshaanza kucheza ukutani.

Nataka nivunje, niweke lile bafu la kisasa la kuingia moja kwa moja: sakafu sawa na ya korido, kioo kimoja ubavuni, shawa pana ya juu, maji yaondoke yenyewe. Chumba ni sm 150 kwa sm 240, mlango uko upande mfupi, shawa upande wa pili kabisa, choo cha kukaa katikati ukutani kushoto.

Fundi wa kwanza kaja, kachungulia, kasema "hii kazi ndogo bosi, tunang'oa kibeseni tunapiga marumaru, kwisha". Sijamkatalia, ila roho haijatulia. Mwenye uzoefu anisaidie, hasa mteremko na kuzuia maji. Picha za mitandaoni nimeshiba.

FundiSahare
Mkuu, huyo fundi muulize swali moja kabla hujampa hela ya kuanzia: nafasi ya kushusha maji ataipata wapi? Akibabaika, mpe chai aende zake.

Kile kibeseni hakikupandishwa kwa urembo. Chini yake kuna trapu, yaani bomba lililojikunja likashika maji kidogo ili harufu na mende wasipande kutoka kwenye chemba. Trapu inataka nafasi. Ukiondoa kibeseni ukataka sakafu iwe sawa na korido, trapu lazima izame chini ya jamvi, yaani lile zege la sakafu. Hesabu kutoka uso wa marumaru kwenda chini: marumaru na gundi yake kama sm 1.5, halafu saruji ya mteremko sm 3 au 4 pale ilipo nyembamba kabisa, halafu trapu yenyewe, nyingi zina sm 8 mpaka 10. Hapo unatafuta sm 13 mpaka 15.

Kwako ni chini, umebahatika. Unatindua jamvi eneo la kuogea pamoja na njia ya bomba mpaka ukutani, unashusha, unafukia, unamwaga zege upya. Ingekuwa ghorofani ningekwambia usithubutu kugusa slabu, maana ukikata nondo umejiletea kesi nyingine. Ghorofani unapandisha sakafu ya bafu lote na kuweka mwinamo mlangoni.

Sasa toka nje na futi. Fungua chemba iliyo karibu, pima bomba linaingilia kina gani ukilinganisha na usawa wa sakafu ya ndani. Bomba la inchi 2 linataka kushuka sm 2 kwa kila mita. Kama chemba iko juu kuliko hesabu yako, maji hayatakwenda hata umwite nani. Kipimo hicho ni bure na ndicho cha kwanza.

MjombaWaDuga
Na watu wananunua kioo kwanza. Kioo kipo stoo mwaka wa pili, kimefunikwa shuka.

MwanaWaMakorora
Nimepima na mdogo wangu, tumetumia mpira wa maji kuhamisha usawa kutoka ndani kuja nje. Kutoka tundu la shawa mpaka chemba ni mita 3.5. Bomba linaingilia sm 42 chini ya sakafu ya ndani. Tupo salama?

FundiSahare
15 za ndani, ongeza 7 za njia, ni 22. Una sm 20 za ziada. Wapo wanaotafuta 5 tu hawazipati. Na huo mpira wa maji ndiyo kipimo cha kuaminika, endeleeni nao.

Ila zile za ziada usizitumie kulaza bomba kama mtelezo. Likiinama kupita kiasi maji hukimbia yakaacha nywele na sabuni nyuma. Weka sm 2 kwa mita, tofauti iliyobaki ishushe wima pale chemba.

BintiPangani
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mie si fundi, ila nimemuuguza Baba nyumbani na bafu tulilitengeneza kwa ajili yake, kwa hiyo nasema upande wa anayeoga.

Kaka yangu, kioo cha nini? Chumba kina sm 150. Ukiweka kioo cha sm 90 njia inabaki sm 60. Leo Mama anaingia peke yake, kesho kutwa atahitaji mtu wa kumshika mkono, watapita vipi wawili? Na akiteleza akaegemea kioo je? Eneo lako la shawa liko mwisho wa chumba, upana wote wa sm 150. Liache wazi. Kama unaogopa choo kulowa, weka pazia la plastiki kwenye fimbo ya dari, likichakaa unabadilisha.

Mlango ufungukie nje. Hili watu hawalifikirii mpaka siku mtu ameanguka nyuma ya mlango, na mlango unafunguka ndani, na waliopo nje hawawezi kusukuma.

Weka kiti cha kujengea, urefu sm 45 hivi, kisiwe chini ya hapo maana kuinuka ndiko kunakouma. Bomba la kushikia pembeni yake, kimo cha sm 85 kutoka sakafuni, na lingine la kusimama karibu na choo. Yakazwe kwenye tofali na skrubu ndefu, yasishikiliwe na plasta. Lile sinki linalocheza limeshakufundisha.

Halafu koki ya chini kwa ajili ya udhu, kama sm 60 kutoka sakafuni, aifikie akiwa amekaa. Mama zetu hawataki udhu wa shawa. Na koki hiyohiyo ndiyo ya kujazia ndoo. Tusidanganyane, siku maji yakikatika sote tunarudi kwenye ndoo na kopo, kwa hiyo acha sehemu ya ndoo kukaa.

MwanaWaMakorora
Dada, ya kioo umenikata maini lakini una haki. Ya udhu sikuwa nayo kabisa kichwani.

BintiPangani
Pole. Na kama utagusa choo, angalia kibla usije ukakigeuza kikaelekea huko. Mama atakataa kukikalia na utavunja tena.

KaoleMwisho
Mimi niko Bagamoyo, nimefuatilia uzi huu maana nina jambo linalofanana. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko. Ndugu wanataka bafu kama hilo liwe juu, ghorofa ya kwanza. Fundi anasema inawezekana. Mnasemaje?

FundiSahare
Shekhe, mimi nisingeweka. Boriti za mikoko zimebeba sakafu ile miaka mingi kwa sababu zimekaa kavu. Bafu la aina hii ni uzito wa zege na unyevunyevu wa kila siku juu ya mti. Siku maji yakipata ufa mdogo, hutaona chochote mpaka boriti ioze ndani ya ukuta, pale kichwa chake kilipoingia. Liwekeni chini.

Na hata chini, ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka dawa ya kuzuia maji upande wa bafu, basi upande wa pili usiupake rangi ya mafuta. Unyevu ukibanwa pande zote mbili unapasua plasta. Tena kwa nyumba za eneo lile ulizeni kwanza watu wa Mambo ya Kale kabla hamjagonga tindo.

KaoleMwisho
Ahsante. Nitawapelekea jibu, najua hawatalipenda.

MzeeWaKange
Vijana mnakuza mambo. Nimejenga bafu nyingi Tanga hii toka zamani, dawa ya kuzuia maji sikuwahi kuitumia. Saruji ya kutosha kwenye mchanganyiko, marumaru nzuri, grauti ya kuziba mistari kati ya marumaru ijazwe vizuri, maji yatapita wapi? Hiyo dawa ni biashara ya maduka.

FundiSahare
Mzee wangu, heshima yako naiweka. Ila bafu hizo zilikuwa na ukingo na kibeseni, maji yalikuwa yamewekewa mipaka. Hapa hakuna mpaka. Sakafu nzima ya chumba inalowa, na iko sawa na korido na vyumba.

Grauti haizuii maji. Inapunguza tu. Chukua kipande cha grauti iliyokauka, dondoshea tone la maji, litazame linavyonywewa. Saruji nayo hivyo hivyo. Maji yakipita hapo yanatembea chini ya marumaru, yanapanda ukuta wa chumba cha pili, unaona rangi inafanya malengelenge kimo cha goti na unamlaumu fundi rangi.

MzeeWaKange
Malengelenge ya rangi huku kwetu ni chumvi. Watu wanachota mchanga wa ufukweni kukwepa gharama.

FundiSahare
Hilo nalo ni kweli tupu, nakubaliana nawe. Mchanga uwe wa mto. Wa bahari unaacha weupe ukutani na unakula nondo. Lakini mzee, chumvi peke yake haitembei. Inabebwa na maji.

MjombaWaDuga
Mzee kapigwa mieleka ya kistaarabu.

MzeeWaKange
Sijapigwa. Endeleeni.

MwanaWaMakorora
Fundi, naomba sasa hiyo dawa na mteremko kwa kirefu. Kuna mtu dukani Ngamiani ananishawishi nichukue mfereji mrefu wa chuma wa kutolea maji badala ya kile kitundu cha duara. Bei yake ni mara kadhaa. Kuna faida au ni urembo?

FundiSahare
Kuna faida, na hii ndiyo sehemu inayotenganisha bafu na dimbwi, kwa hiyo nivumilie.

Kitundu cha duara kikikaa katikati, sakafu lazima iiname kutoka pande nne kukifuata. Marumaru kubwa ya sm 60 haikunjiki pande nne. Utaikata mishazari, au utatumia vile vidogo vya sm 5 vilivyokuja kwenye wavu. Mfereji mrefu ukiulaza ukuta wa mwisho, sakafu inainama upande mmoja tu, marumaru kubwa inakaa bila kukatwakatwa. Kwa mzee anayetembea na fimbo mwinamo wa upande mmoja ni bora, mguu unauzoea. Wa pande nne kila hatua ni kivyake.

Kwa hiyo kama hela ipo, chukua mfereji. Kama haipo, kitundu cha duara na marumaru ndogo ni kazi safi kabisa, tena vile vidogo havitelezi sana kwa sababu ya wingi wa mistari ya grauti. Mfereji ukiuchukua, hakikisha kichujio chake kinatoka kwa mkono. Nywele lazima zitolewe, na kama kinataka bisibisi hakuna atakayekitoa.

Mteremko: sm 2 kwa mita eneo la kuogea. Kutoka mpaka wa shawa hadi mfereji ikiwa sm 120, mwanzo unakuwa juu ya mfereji kwa sm 2.4. Sehemu ya choo mpaka mlangoni nayo iiname kidogo kuelekea huko huko, sm 1 kwa mita inatosha. Usikubali "tutakadiria kwa macho". Piga misumari ukutani kwa kipimo, funga uzi, jaza saruji kufuata uzi, mwiko unafuata baadaye. Pimamaji peke yake itakwambia pameinama, haikwambii pameinama kiasi gani, mpaka uweke kijiti cha kipimo chini ya ncha moja.

Dawa: subiri saruji ikauke sawasawa, imwagiliwe wiki nzima kwanza isipasuke. Fagia, lowesha kidogo ikiwa ni dawa ya jamii ya saruji. Kwenye pembe zote, sakafu na ukuta, na kuzunguka tundu, laza utepe wa kitambaa ndani ya dawa ikiwa mbichi. Pembe ndipo panapopasuka. Kisha mkono wa kwanza unapaka kwenda, ukikauka mkono wa pili unapaka kukatisha. Ukutani sehemu ya shawa panda mpaka mita 2, kuta nyingine sm 20 zinatosha. Sakafu yote, mpaka mlangoni.

Halafu jaribio. Ziba tundu, weka kizuizi cha muda mlangoni, mwaga maji mpaka sehemu ya juu kabisa izame, chora alama ya penseli ukutani, acha saa 24. Hakuna kuweka hata marumaru moja kabla ya hapo. Fundi akisema "haina haja", kazi imeisha, mlipe siku yake.

MjombaWaDuga
Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Kwa watu sijawahi kuona, kila aliyekuja bado yupo. Ila maji ya bafuni ndiyo hasa yanayotakiwa kuwa hivyo.

BintiPangani
😂😂 Kwani wewe ulikuja lini?

MtuWaMnara
Nichomekee suala la shawa pana. Mkuu, maji ya Mama yanatoka tenki la juu au moja kwa moja bomba la mtaa? Kama ni tenki, piga hesabu. Msukumo unapimwa kutoka uso wa maji ndani ya tenki mpaka kichwa cha shawa, urefu wa mnara wenyewe si kipimo. Mnara wa mita 3, maji ndani ya tenki mita 1, jumla 4. Kichwa cha shawa kiko mita 2 juu. Umebakiwa na mita 2. Kila mita 10 ni bar 1, kwa hiyo una bar 0.2. Shawa pana kama sinia kwa msukumo huo itadondosha machozi.

Ama pampu ndogo ya kusukuma, ama shawa ya mkono yenye kichwa kidogo kwenye reli ya kupandisha na kushusha. Kwa Mama anayeoga amekaa mimi ningechukua ya mkono bila kufikiria mara mbili.

Na osheni tenki. Maji yetu chanzo chake ni mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na tenki lisipoguswa mwaka mzima hujiwekea tope chini. Tope hilo ndilo linaloziba vitundu vya shawa. Chujio dogo kabla ya koki halina gharama.

MwanaWaMakorora
Ni tenki, mnara ni kama huo uliosema. Basi shawa ya mkono. Naona kila nilichokuja nacho kinaondoka, kioo kimekwenda, shawa ya sinia imekwenda 😅

BintiPangani
Hela uliyookoa nunua marumaru isiyoteleza. Ukienda dukani usidanganywe na neno. Omba kipande kiwekwe chini, vua viatu, mwagia maji na sabuni ya kuogea, kanyaga. Mwenye duka atakushangaa, mwache ashangae. Zile za kung'aa zote ziache ukutani.

FundiSahare
Kwenye boksi tafuta herufi R, ndiyo alama ya kutoteleza. R9 ni laini kwa bafu, tafuta R10 au R11. Ukizidi hapo inakuwa ngumu kusugua na miguu ya mzee inachubuka.

Na vyuma, maana tuko baharini. Mabomba ya kushikia, mfereji, bawaba: chuma cha pua namba 304 kinatosha ndani, ila dirisha likiwa linapokea upepo wa bahari chukua 316. Kile cha bei ya kutupa kinachong'aa tu, jaribu na sumaku. Ikinata kwa nguvu, rudisha.

UmemeKwanza
Mama ataweka hita? Kipindi cha kusi asubuhi wazee wanalia baridi hata hapa pwani. Ikiwa ni ile ya kuchemsha papo kwa papo, uliza kwanza kama itawaka kwa msukumo huo wa bar 0.2, nyingi hazitawaka. Na umeme wake: waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, ethi ya kweli iliyofika ardhini, kikata umeme cha 30 mA kinachojizima umeme ukivuja, swichi nje ya bafu. Bila ethi msiweke, achemshiwe maji jikoni.

MwanaWaMakorora
MREJESHO. Wakuu, kazi imefika pazuri. Yule fundi wa kwanza nilimuuliza swali la FundiSahare, akasema "tutaona mbele ya safari", tukaagana kwa amani. Wa sasa alitoa futi kabla sijafungua mdomo.

Jamvi limetinduliwa, bomba la inchi 2 limelazwa, mfereji mrefu umekaa ukuta wa mwisho. Chini ya kibeseni cha zamani tulikuta mchanga mweusi uliolowa, unanuka, trapu ilikuwa na ufa na maji yalikuwa yanaingia ardhini badala ya chemba. Kwa hiyo hata bila magoti ya Mama palikuwa panasubiri.

Dawa mikono miwili, pembe zimewekwa kitambaa. Jaribio la maji tulilifanya, na asubuhi alama ilikuwa imeshuka mm 3. Nikashtuka. Fundi akanyamaza, akanionyesha beseni pana la plastiki alilokuwa ameliacha na maji palepale bafuni tangu jana, nalo kalichora alama. Limeshuka mm 3. Ni joto limenywa. Niseme ukweli, pale ndipo nilipomwamini kabisa.

Mlango umegeuzwa, unafungukia nje. Koki ya udhu ipo, Mama kaikagua kabla hata ya marumaru, kaagiza ishuke sm 5.

FundiSahare
Huyo wa beseni mshike, usimwachie. Mwambie pembe za ukuta na sakafu asizijaze grauti, aweke silikoni ya bafuni isiyoshika ukungu. Ukuta na sakafu vinacheza kila kimoja kivyake, grauti hapo hupasuka.

MzeeWaKange
Hiyo ya beseni la kupimia joto sijawahi kuiona. Nimeipenda.

MtuWaMuheza
Samahani kudandia. Nyumba yangu nakaa Muheza likizo tu, bafu ni la namna hii, kila nikirudi linanuka vibaya. Bomba zote mpya. Tatizo nini?

FundiSahare
Maji ya trapu yamekauka, njia iko wazi mpaka karo. Mwaga kopo mbili za maji, harufu itakata. Ukiondoka, baada ya maji tia vijiko vichache vya mafuta ya kupikia, yanaelea juu na kuchelewesha maji kukauka.

MwanaWaMakorora
Imebaki rangi ya grauti ya sakafuni. Mama anataka nyeupe.

FundiSahare
Nyeupe haimalizi mwezi. Mwambie kijivu.

MwanaWaMakorora
Mwambie wewe.